Nukta Chini ya Nyota Yenye Mkia

Osiri, Migori
30 Aprili 1997

Caren mwanangu,

Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Barua yako niliipokea kabla ya Pasaka, na leo Aprili inakwisha. Maisha yangu yote ya ualimu niliwaadhibu wanafunzi waliochelewa kwa dakika chache, na sasa mimi nimechelewa kwa zaidi ya mwezi. Sababu ninayo, nayo ni nzuri. Nimepata nyota.

Ile kamera niliyopewa na walimu wenzangu nilipostaafu, ambayo wewe ulidhani ningeipigia picha za ng'ombe tu, nimeielekeza mbinguni. Bila shaka na huko Mbita mnaiona kometi, ile ambayo watu huiita nyota yenye mkia. Kwetu hapa huonekana jua likishazama, upande wa kaskazini-magharibi, chini kabisa. Mama mmoja wa sokoni, ambaye bado huniita mwalimu kwa Kijaluo, aliniuliza, "Japuonj, mkia huo ukikatika utamwangukia nani?" Nikamjibu kwamba utamwangukia anayeuliza. Tangu siku hiyo hunipunja nyanya.

Ijumaa iliyopita mvua ilikatika mapema na mbingu ikawa safi. Niliisimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu nyuma ya zizi, nikaning'iniza jiwe chini yake ili upepo usiitikise, nikapiga picha tatu mfululizo. Filamu nilimpelekea Abdisalam, mwenye studio mjini Migori, ambaye husafisha picha kwa mikono yake na hamwachii mtu mwingine. Jumatatu alinikabidhi.

Kometi imetoka vizuri, mkia wake umeelekea juu. Lakini chini yake, kidogo upande wa kushoto, pana nukta nyeupe ya mviringo. Imo katika picha zote tatu, na katika zote imekaa mahali pamoja. Nimeitafuta katika ramani ya nyota uliyonipa Krismasi. Haimo. Nimetazama kwa miwani, kisha kwa kioo cha kukuzia, kisha nikamsomea Padri majina ya nyota zote za upande ule naye akifuata kwa kidole. Haimo.

Kwa hiyo ni nyota mpya, iliyowaka ghafula, kama kitabu chako kinavyoeleza kwamba hutokea. Nimeanza kuwaandikia wataalamu wa chuo kikuu, Nairobi. Kabla sijatia sahihi nataka wewe uliyesomea sayansi uichunguze. Picha moja nimeitia humu. Jina nimekwisha kulichagua: Edith. Mama yako alituachia kila kitu, na hakuna kitu chochote kilichobaki chenye jina lake, hata kikombe.

Jambo la pili ni dogo. Mayaka, yule mfanyabiashara wa dhahabu, anataka nimkodishe kilima cha Rateng' akichimbe. Tutatia sahihi mbele ya naibu wa chifu mwishoni mwa Mei. Mimi goti hili haliniruhusu tena kupanda huko, wewe umeolewa, na yule aliyepaswa kukirithi aliacha chuo cha ualimu akafuata mashimo ya dhahabu. Nilimwambia mbele ya ukoo asirudi hapa bila cheti. Ametii nusu ya agizo: hajarudi.

Nijibu upesi. Nyota mpya hazingoji.

Baba yako,
Dishon Nyangweso


Mbita
4 Mei 1997

Baba mpendwa,

Kimya chako nimekisamehe kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Sote hatujambo. Wajukuu wako wanaitazama kometi kutoka gatini kila jioni, na wavuvi wa omena wanalalamika kwamba mwaka huu samaki wanaitazama hiyo badala ya kuzifuata taa zao.

Picha ni nzuri sana. Nimewaonyesha walimu wenzangu, na mmoja amekataa kuamini kwamba imepigwa na mzee aliyefundisha Kiswahili.

Kuhusu ile nukta, ninakuomba usiiandikie Nairobi kwanza. Huenda ni doa la maji. Filamu ikikaushwa vibaya, tone hubaki na kuacha alama ya mviringo namna hiyohiyo. Kama si maji, huenda ni sayari ya Mirihi, maana mwaka huu inang'aa sana. Na kama si Mirihi, basi ni taa ya wavuvi ziwani, mwanga wake umepanda juu kwa sababu ya hewa ya jioni. Unaona jinsi sababu zilivyo nyingi? Wataalamu hawapendi kusumbuliwa kwa jambo lenye sababu nyingi.

Na kuhusu Rateng', Baba, kwa nini haraka? Kilima hakina miguu. Mwambie Mayaka asubiri mpaka Agosti, nitakapokuja na watoto. Hata kama nimeolewa, niliwahi kuokota kuni huko na mama.

Ukisikia goti linauma, usilifiche.

Binti yako,
Caren


Mbita
4 Mei 1997

Stanley,

Baba amepiga picha ya taa yako.

Sifanyi mzaha. Aliielekeza kamera kwenye kometi, na Rateng' iko chini yake moja kwa moja. Usiku kilima na mbingu vimekuwa weusi mmoja, na katikati ya weusi huo umekaa wewe na taa yako. Anadhani amegundua nyota. Anataka kuiita Edith. Mtazame binti yako anayelala chini ya taa hiyo, kisha uniambie kama ni wakati wa kucheka.

Tangu uhamie huko Januari nimenyamaza kwa sababu uliniapisha. Leo nimemwandikia baba uongo wa aina tatu katika ukurasa mmoja, na unamjua: atauchukua mmoja mmoja na kuuvunja. Mimi ndiye niliyempa ile ramani ya nyota. Ninajikamatisha mwenyewe.

Hilo si baya zaidi. Mwishoni mwa mwezi huu anamkodishia Mayaka kilima. Anasema hakuna mtu anayekihitaji. Mayaka akipewa ataleta wachimbaji, na wewe na Mellen na mtoto mtaondoka na godoro kichwani. Wala baba hatakuwa amekufukuza, kwa sababu hajui kwamba upo.

Mwandikie. Usimpeleke mtu, usimtume jirani. Mwandikie wewe. Ninakupa mpaka katikati ya mwezi, kisha nitasema mimi.

Dada yako,
Caren


Rateng'
8 Mei 1997

Nyaminwa, dada yangu Caren,

Barua yako imenifikia, nimeisoma mara mbili, na Mellen ameisoma mara moja akatoka nje kuangalia kama taa inaonekana kutoka kwa baba. Anasema haionekani. Nikamwambia macho ya kamera hayachoki kama yetu.

Unasema nimwandikie. Nitaandika nini? Cheti sina. Nikimpelekea barua, ataisahihisha kwa wino mwekundu na kunirudishia nikaiandike upya.

Mashimo nimeyaacha na sirudi. Ulisikia ukuta ulivyoporomoka Desemba. Nilikuwa juu nikivuta kamba, na aliyekuwa chini hakutoka. Tangu siku hiyo siwezi kuinamia shimo, hata la choo. Nimelima mtama na mihogo huku juu, na mvua hii ikiendelea tutakula jasho letu.

Lakini wewe unajua shida yangu si cheti peke yake. Mimi ni mtoto wake wa kiume wa pekee. Bila yeye kutangulia na kupigilia kigingi cha kwanza, na jogoo kuletwa, siwezi kuweka boma. Hiki ninachokaa ndani yake sikiiti nyumba. Sikukiwekea nguzo ya katikati, sikujenga lango. Ni kivuli cha kukimbilia mvua. Sikutaka kumkosea. Nilitaka tu kuwa karibu, ili siku akiita nisikie.

Taa siwezi kuizima saa hiyo. Mellen hurudi shambani jioni, na mtoto huogeshwa giza linapoingia.

Nipe muda kidogo.

Ndugu yako,
Stanley


Osiri, Migori
12 Mei 1997

Caren mwanangu,

Barua yako ina sababu tatu, na zote tatu hazisimami. Nitazichukua kwa mpangilio ulioziweka.

Kwanza, doa la maji. Nilikwenda kwa Abdisalam na kumweleza kwa upole kwamba binti yangu anashuku usafishaji wake. Aliiweka filamu juu ya kioo chenye taa, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "maji yangu yamejua kusoma? Yameanguka mahali pamoja katika picha tatu, na kila mara yamepima kwa rula?"

"Ni swali la binti yangu," nikamwambia.

"Mwambie binti yako kwamba mimi nikikosea, kosa langu hukaa kwenye pua ya bwana harusi. Sijawahi kukosea kwenye mbingu."

Nimeridhika naye. Doa la maji limekufa.

Pili, Mirihi. Mirihi jioni hii iko juu, upande wa mashariki, nyekundu kama kaa la moto. Wewe ndiwe uliyenionyesha. Mwalimu wa sayansi anawezaje kuihamishia magharibi? Nilipofika hapo nilisoma mstari huo mara ya pili, nikidhani mtu mwingine ameuandika.

Tatu, taa ya wavuvi. Caren, umezaliwa katika nyumba hii. Kutoka nyuma ya zizi ziwa halionekani. Kilima kinaliziba lote.

Basi nikabaki na nyota yangu, lakini sikubaki na amani, kwa sababu sijawahi kukuona ukikosea mara tatu kwa mkupuo. Nikafanya jaribio. Jumanne iliyopita mwezi haukuwepo. Nilirudisha stendi mahali palepale, maana miguu yake ilikuwa imeacha vishimo ardhini, na safari hii nikaiacha kamera wazi kwa muda mrefu, wa kutosha kunywa kikombe cha chai ya moto bila kuharakisha. Unajua vizuri kuliko mimi kitakachotokea. Mbingu inazunguka na kamera imesimama, kwa hiyo kila nyota huchora mstari. Asubuhi yake, kabla sijaing'oa stendi, nikapiga picha nyingine mchana kweupe.

Abdisalam amezisafisha zote mbili. Nyota zote zimechora mistari. Kometi nayo imevutika kama uji uliomwagika. Nukta haikuchora chochote. Imebaki nukta.

Kitu kisichokwenda na mbingu si cha mbinguni. Kisha nikazibandika filamu mbili dirishani, ile ya usiku juu ya ile ya mchana, na nukta ikaangukia kwenye Rateng', upana wa ukucha chini ya mgongo wa kilima. Nyota nimeifuta. Barua ya Nairobi nimeichana. Sioni haya, ningeona haya kama ningeituma.

Ni taa. Na kama ni taa, kuna mtu aliyeiwasha. Na mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila watu wa Mayaka, ambao wameanza kuchimba kabla sijatia sahihi. Nilimwuliza yule mama wa nyanya kama amewaona wageni wakipanda kilimani. Aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Nikamwuliza kijana wa kinu cha posho akaniambia mashine ina kelele, hasikii mtu, na mashine ilikuwa imezimwa. Nimewafundisha watu hawa, wao na watoto wao. Ninaijua sura ya mtu anayelijua jibu na hataki kunyoosha mkono.

Nimezungumza na naibu wa chifu. Jumamosi ya tarehe ishirini na nne atanipa askari wawili, tutakwenda kuwatoa watu hao pamoja na vyombo vyao. Baada ya hapo nitaamua kama Mayaka anastahili kilima au hastahili.

Goti haliumi. Linalalamika tu.

Baba yako,
Dishon Nyangweso


Mbita
16 Mei 1997

Baba,

Tafadhali usiende na askari.

Si watu wa Mayaka. Ni Stanley. Yuko Rateng' tangu Januari, na mimi nimejua tangu Januari. Doa la maji, Mirihi na wavuvi niliyaandika nikijua kwamba si kweli. Uliyavunja vizuri, na kila ulipovunja moja niliona fahari na hofu kwa pamoja.

Mengine ni yake kuyasema, nami nimemwambia ayaseme. Ninakuomba jambo moja tu. Ulifuta nyota kwa sababu uliamua kutazama tena kabla ya kutuma barua. Tazama tena na hapa.

Barua hii ninampa dereva wa gari la Homa Bay aiweke posta huko, labda itatangulia.

Binti yako,
Caren


Rateng'
18 Mei 1997

Baba,

Ninakusalimu kwa heshima.

Caren ameniambia kwamba taa yangu imeingia katika picha zako. Sikuiweka ili uione, wala sikuiweka ili usiione. Niko upande wa juu wa shamba la mama la zamani, karibu na lile jiwe alilokuwa akianikia wimbi.

Sina cheti. Ningekuwa nacho ningekuja nacho mkononi. Mashimo nimeyaacha na sitarudi. Ninalima. Nimeoa binti wa Kikuria kutoka mpakani, jina lake Mellen. Kwao wananijua, na mazungumzo ya mahari wanayangoja yaanzwe na wewe, kwa sababu niliwaambia nina baba.

Tumepata mtoto wa kike mwezi wa Novemba. Nilimpa jina la mama. Sikukuuliza, maana hatukuwa tunazungumza, lakini jina la mtu aliyetangulia halikuwa la kuachwa mpaka sisi wawili tupatane.

Nimesikia habari za Mayaka. Kilima ni chako. Ukisema niondoke nitaondoka kwa miguu yangu, hutahitaji askari. Lakini ukiwa na nia ya kunipa mahali, basi mahali ni hapa, na siwezi kupigilia kigingi bila wewe. Sijajenga nyumba. Utakachokiona ni kibanda bila nguzo ya katikati. Nguzo inakungoja.

Nimeisoma barua hii mara tatu nikitafuta makosa. Yaliyobaki unisamehe.

Mwanao,
Stanley


Osiri, Migori
27 Mei 1997

Caren mwanangu,

Dereva wako wa Homa Bay si mtu wa kutegemewa. Barua yako ya tarehe kumi na sita na ya ndugu yako ya tarehe kumi na nane zimenifikia pamoja jana, Jumatatu. Jumamosi ilikuwa imekwisha kupita.

Usiogope. Soma mpaka mwisho.

Tuliondoka asubuhi, mimi na askari wawili, mmoja wao akiwa na pingu ambazo alizichezea njia nzima kama tasbihi. Mayaka alijiunga nasi njiani bila kualikwa. Aliapa kwamba hana mtu hata mmoja kilimani, na kwamba yeye mwenyewe anataka kuwaona wezi hao. Tulifika chini ya Rateng', mahali ambapo njia ya ng'ombe inaanza kupanda, nikasimama kulipumzisha goti. Nikavaa miwani ya mbali. Nikatazama juu.

Niliona kibanda cha nyasi. Niliona mtama, safu zake zimenyooka, na kuna mtu mmoja tu niliyemfundisha kunyoosha safu kwa kamba na vijiti viwili namna ile. Na mbele ya kibanda niliona kamba ya kuanikia, na juu ya kamba nepi. Nepi nyingi, nyeupe, zimepangwa kwa ukubwa.

Nikawaambia askari warudi.

Yule mwenye pingu akasema, "Mzee, tumetembea yote haya turudi mikono mitupu?"

Nikamwambia, "Wachimbaji wa dhahabu hawaaniki nepi."

"Sasa hao ni akina nani?"

"Hilo ni swali langu," nikasema, "na nitalijibu mimi."

Mayaka hakurudi nao. Aliketi juu ya jiwe akajipepea kwa kofia. Akaniambia, "Mwalimu, mimi na wewe tulikubaliana."

"Tulikubaliana kuhusu kilima kisicho na mtu," nikamwambia. "Hicho sicho."

"Watu huhamishwa, Mwalimu."

"Wageni ndio huhamishwa."

Akaniuliza kama nimewajua hata kabla ya kuwaona. Nikamwambia nimeona kazi yao, na kazi huwa na mwandiko. Alikasirika kidogo, kisha akaomba nimsalimie mtoto. Si mtu mbaya. Atapata kilima kwingine.

Mimi sikupanda. Ninataka uelewe sababu, ili usiseme kwamba ni kiburi au goti. Baba hafiki katika makao ya mwanawe yasiyowekwa kwa utaratibu, akaketi na kunywa maji kana kwamba mambo yamekamilika. Ningepanda siku ile, ningekuwa mgeni aliyekuja kuona, na mgeni akishaingia hawezi tena kuwa wa kwanza kufika. Niliketi pale chini mpaka mchana. Kuna wakati mtoto alilia. Kuna wakati aliacha. Mwanamke alitoka, akaanua nepi zilizokauka, akatazama upande wangu kwa muda, akapiga goti kidogo kwa mbali, kisha akaingia ndani. Amelelewa vizuri.

Hayo niliyajua kabla ya barua zenu. Jambo ambalo sikulijua ni jina.

Barua ya Stanley nimeisoma. Ina kosa moja, na sitalitaja. Nilipofika kwenye jina la mtoto nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena, na jina lilikuwa palepale. Jina hilo nilikuwa nimeipa nyota. Ninaliondoa huko rasmi. Lilikuwa limekwisha kutumika, mahali palepale nilipolielekeza, miezi mitano kabla sijaigeuza kamera. Lilitumika bila idhini yangu, lakini lilitumika sawasawa.

Kuhusu wewe na Mirihi yako, tutazungumza Agosti. Mtu anayetaka kumdanganya baba yake asimpe kwanza ramani ya nyota.

Sasa ni haya. Jana jioni nilikwenda kwa wazee wa ukoo. Jambo si jepesi, na sitaki wewe na ndugu yako mlifanye jepesi. Moto umewashwa Rateng' kabla ya kigingi kupigiliwa. Wawili wanasema kibanda kibomolewe kwanza, kisha ndipo twende upya, kana kwamba hapakuwa na kitu. Mmoja anasema kisichokuwa na nguzo ya katikati si nyumba, kwa hiyo hakuna cha kubomoa, na baba anaweza kutangulia hata kesho. Huyo wa mwisho alikuwa dhaifu shuleni, lakini hoja yake ninaiona ina nguvu. Na bado kuna suala langu mwenyewe. Nilisema mbele ya watu hao hao kwamba asirudi bila cheti. Neno lililosemwa mbele ya ukoo huondolewa mbele ya ukoo, na anayeliondoa ni aliyelisema, akiwa amesimama. Ninafikiri namna ya kusimama.

Tumepanga kikao Jumamosi ya kwanza ya Juni. Stanley ataitwa, na akiitwa atasikia; mwenyewe ameandika kwamba kwa ajili hiyo alikaa karibu. Watu wa Mellen nitawaandikia baada ya hapo, si kabla.

Kometi inaondoka. Jioni hizi huizamisha mwanga wa jua kabla sijaipata vizuri, na Abdisalam ananidhihaki kwamba sasa nitarudi kwa ng'ombe. Lakini kamera bado iko nyuma ya zizi, miguu yake katika vishimo vile vile. Nimegundua kwamba nikilikaza jicho, giza linapoingia, ile taa ninaiona hata bila lenzi. Ni ndogo sana. Huwaka, hukaa, kisha husogezwa kidogo kushoto, nadhani mtoto akishatolewa majini. Mwambie mama Edith asiizime mapema kwa kuniogopa. Ninaitumia kusawazisha lenzi.

Ukisikia kwa watu kwamba nimenunua jogoo, ni kweli, nimemnunua, amefungwa hapa mguuni mwa kiti. Usiharakishe kumpa maana. Mtu anaweza kununua jogoo kwa sababu nyingi.

Uamuzi ukishafanyika nitakuandikia siku hiyohiyo, na safari hii hutaningoja.

Baba yako,
Dishon Nyangweso